Nguzo Nne Zenye Kitambi

Nimekana kwa miaka mingi, mbele ya wenye shahada na wasio nazo, kwamba ninazipenda nguzo za baba yangu. Nilizikana chuoni, nilizikana kwenye harusi za marafiki, na siku moja nilizikana kwa mtalii aliyetaka kuzipiga picha. Nilimwambia nyumba ile siifahamu, ilhali kanga yangu ilikuwa imeanikwa barazani. Sasa nimefika umri wa miwani ya kusomea na nguvu za kukana zimeniishia. Ninazipenda.

Zilikuwa nne, mbele ya nyumba yetu Karatu, kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Baba alitoka Kilimanjaro akiwa kijana, akaja kuwa dereva kwenye shamba la kahawa kule Oldeani. Nyumba kubwa ya shamba lile, iliyojengwa na walowezi, ilikuwa na nguzo nyeupe za mviringo barazani, na vichwani mwake majani yaliyojikunja. Dereva alisubiri chini ya ngazi. Hakuna aliyemkataza kupanda, na hakuna aliyemkaribisha. Kwa hiyo alipata muda mrefu wa kuziangalia.

Alipoacha kazi na kufungua duka la vipuri mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alijenga nyumba. Ukuta wa tofali, paa la bati, na mbele nguzo nne. Kalibu ya kumiminia nguzo haikuwepo Karatu, basi fundi alikunja mabati, akayafunga kwa waya na kumimina zege ndani. Waya ulikaza juu na chini, katikati ukalegea. Walipofungua bati, nguzo ya kwanza ilikuwa na kitambi.

Fundi alitaka kuivunja. Baba akaizunguka, akaipapasa.

"Iache," akasema. "Hizo tatu zifanane na mwenzao."

Hivyo fundi akalazimika kulegeza waya kwa makusudi, na kila mtu aliona kwamba kukosea kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko kupatia. Kuhusu majani, baba alimwonyesha kwa viganja jinsi yalivyojikunja. Fundi alikuwa mkulima pia, akafinyanga majani aliyoyajua. Mtaa mzima uliyaita kabichi.

Nilikwenda chuo kikuu Dar es Salaam, na katika masomo yangu kulikuwa na somo moja la historia ya majengo. Likizo ya kwanza nilirudi nimejaa Wagiriki na Warumi. Nilisimama barazani nikamweleza baba aina za nguzo za kale, mapambo ya kila aina na majina yake, kisha nikatoa hukumu ambayo hakuna aliyeiomba.

"Baba, hizi hazibebi kitu. Paa limekaa kwenye ukuta. Ukiziondoa leo, nyumba haitajua."

Mama alikuwa akizifuta vumbi jekundu kwa kitambaa, kama alivyofanya kila Jumamosi. Akaniuliza bila kugeuka:

"Na wewe mama, tangu ufike umebeba nini?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia, bila ukali: "Kule Oldeani nilisimama upande wa nje wa nguzo. Hapa nasimama upande wa ndani. Hiyo ndiyo kazi yake."

Mwaka uliofuata, kwenye mhadhara, tulionyeshwa picha ya hekalu la Wagiriki. Mhadhiri alituambia tuangalie katikati ya nguzo. Zilikuwa zimevimba kidogo, makusudi, kwa sababu nguzo iliyonyooka kabisa huonekana kwa mbali kama imebonyea kiunoni. Niliandika neno la kitaalamu kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Likizo ile sikusema kitu nyumbani. Nilikwisha kujijengea jina la mjuzi, na jina kama hilo halipendi kuguswa.

Nguzo ziliendelea na maisha yake bila ruhusa yangu. Siku za mnada wafugaji waliotoka juu Ngorongoro walipumzika barazani kwetu, migongo kwenye zege, hata kila nguzo ikapata mng'ao kwenye usawa wa mabega. Mmoja wao alikuwa akifunga mbuzi wake kwenye nguzo ya mwisho. Aliniuliza siku moja, uso mkavu kabisa:

"Dada, nyumba yenu ina miguu minne kama ng'ombe. Mkia naona ni hicho choo. Kichwa kiko wapi?"

"Kichwa ni huyo msomi," baba akajibu kutoka ndani. "Ndiyo maana nyumba haitembei."

Miaka ikapita. Nikaajiriwa Arusha, nikanunua kiwanja na kuchora nyumba yangu mwenyewe: kuta tupu, pembe kali, bila pambo hata moja. Niliwaeleza wageni kwamba huo ndio ukweli wa jengo. Nilikuwa nimefika kwenye msingi lami ilipoanza kuja Karatu. Watu wa barabara walipita wakipima, na walipoondoka kulikuwa na alama ya X nyekundu kwenye nguzo zetu zote. Mama alijaribu kuifuta kwa kitambaa chake. Haikutoka. Baba, ambaye siku hizo alishinda barazani tangu chai ya asubuhi, alihamisha tu kiti chake, kikawa katikati ya nguzo ya pili na ya tatu.

Ndipo akanipigia simu. Nilikuwa kiwanjani, nimesimama juu ya msingi wangu wa kweli.

"Wamepima mara ya pili," akasema. "Ukuta umepona. Mstari wa barabara unapita barazani. Nguzo lazima ziondoke."

"Pole, baba."

"Kuna bwana mmoja wa kijiji cha Buger anazitaka kwa lango la shamba lake. Yuko hapa na lori. Nimemwambia asubiri, kuna mtu anayejua majina yake yote, nimuulize kwanza."

Nikasema nilichokibana tangu chuoni.

"Baba, kile kitambi. Wagiriki walikuwa nacho. Walikiweka makusudi, nguzo ionekane imenyooka."

Akafikiri kidogo.

"Kumbe na wao waya uliwalegea." Halafu, polepole: "Sasa huyu wa Buger nimwambie nini?"

"Mwambie zina mwenyewe."

"Zote?"

"Zote nne. Na kabichi zake."

Nilimsikia akiweka simu mbali na mdomo na kuwaambia watu waliokuwa barazani: "Zishusheni taratibu. Zinakwenda Arusha."