Kijiko cha Mama Hermelinda

Mimi huosha vyombo vya kioo katika maabara ya chuo kikuu hapa Popayán, Kolombia, na ninasema wazi: bila Mama Hermelinda, wasomi wote wa ghorofa hii wangebaki na vyeti vyao ukutani tu. Yeye ndiye mpishi wa bakteria. Kwa miaka thelathini na mmoja amewapikia uji wao na kuumimina kwenye visahani ugande. Huwaita wageni wake.

Mwaka ule alipata mgeni wa miguu miwili, Yurany, msichana wa hesabu kutoka mashamba ya kahawa. Alikuwa mwembamba, hali chakula cha mchana, ili awahi kumaliza tasnifu. Aliandika milinganyo ya kueleza jinsi bakteria wanavyofuata harufu ya chakula: hula kilichopo walipo, nyuma kinakwisha, mbele kimebaki, basi husogea wote pamoja kama wimbi, duara linalopanuka sahanini. Kasi ya wimbi alishaipigia hesabu. Ilibaki visahani vikubaliane naye kabla ya mtihani wa Alhamisi. Mama Hermelinda alimletea arepa, vile vimkate vya mahindi, za jibini kila adhuhuri, akamsimamia mpaka amalize.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa bakteria walifika siku ya tatu wamejazana katikati ya sahani, wanene, hawana habari na mtu. Jumatatu jioni Yurany alifuta ubao wote. Alisema hesabu zake hazina ukweli, na kwamba angerudi kwao kuchuma kahawa.

Mama Hermelinda alinivuta kando, akaniuliza kwa nini wageni wake hawatembei. Nilimjibu kwa ukali, maana nami niliumia, kwamba aliyeshiba haondoki. Binti ameyasema hayo mwaka mzima, yeye mpishi alikuwa wapi? Akaketi. Sijawahi kumwona ameketi saa za kazi.

Kisha akamwendea Yurany.

"Mwanangu, usifute tena. Kosa ni langu. Umeandika kijiko kimoja cha chakula chao, mimi nikatia vitatu. Safari ndefu namna ile, niwaache waende na njaa?"

Nilingojea hasira, na nisingemlaumu. Yurany alicheka mpaka akalia, akaegemea aproni ya yule mama.

"Basi nipikie kimoja, mama. Kimoja tu."

Jumatano duara lilitoka. Alilipima kwa rula kila saa, na kasi ikawa ileile ya karatasini. Alhamisi akafaulu.

Mwezi wa Agosti alipata nafasi ya kuendelea na masomo São Paulo. Asubuhi ya kuondoka, Mama Hermelinda alimfungia arepa moja kwenye kitambaa. Nikamtania: tangu lini amekuwa bahili?

"Nikimjazia mfuko hataondoka," akasema, akarudi kuosha sufuria ambayo nilikwisha kuiosha mimi.