Nilizungusha Hadi Kumi na Mbili

Aibu nyingine mtu huzizoea, lakini hii yangu ya Lulindi bado inanifanya nitazame chini nikisikia mtu anataja sufuria, na leo naisimulia kwa sababu moja tu: iliisha salama, jamani, iliisha salama.

Nilitoka Newala kwenda kujitambulisha kwa mjomba wa Neema, maana kwao mjomba ndiye mwenye neno, akikunja uso huoi. Mjomba huyu ni bwana nyama mstaafu wa idara ya wanyamapori, ana bunduki yake ya kibali ya kufukuzia nguruwe pori kwenye mihogo, na nilimkuta nyuma ya nyumba akilenga karatasi yenye duara jeusi aliyoibandika kwenye kichuguu. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia, "Marahaba," kisha akaniuliza kama najua kulenga shabaha. Ningesema sijui, tungeingia ndani kula. Nikasema, "Kidogo, nilipitia mgambo." (Mgambo nilipiga risasi moja tu, tena macho yote mawili nimeyafumba.)

Akanilaza kwenye mkeka, bunduki yenye darubini juu ya gunia la mchanga, akasema, "Darubini nimeiweka nne, iache hivyohivyo," akarudi nyuma kukaa na wazee wenzake wawili. Nikachungulia, karatasi naiona lakini ndogo, na kwenye darubini kuna pete yenye namba mpaka kumi na mbili. Nikajisemea, mtu ana kumi na mbili halafu anatumia nne, si uzee huo? Nikaizungusha hadi mwisho.

Basi kila kitu kikawa ukungu unaocheza, nikipumua dunia inapanda na kushuka, karatasi haipo, natafuta kushoto, natafuta kulia, naona jani la muhogo kubwa kama mwavuli, na nyuma yangu wazee wanakohoa kile kikohozi cha kumwambia mtu afanye haraka. Ghafla duara jeusi hili hapa, limejaa darubini nzima. Nikamshukuru Mungu, nikafyatua.

Ikalia kwang. Sasa karatasi gani inalia kwang?

Hapo nilijua nimepiga kitu kingine, ila sikujua ni kitu gani wala nani yuko karibu nacho. Niliruka kutoka kwenye mkeka nikipiga kelele, "Kuna mtu kule? Mjomba, kuna mtu kule?" Mjomba alikuwa ameshaichukua bunduki na kutoa risasi zilizobaki. Aliyejibu ni mkewe, Mama Tumaini, aliyetoka jikoni, upande wetu, mwiko mkononi: "Sufuria yangu ya ubwabwa imekukosea nini, baba?"

Kumbe asubuhi aliiegemeza chini ya kichuguu, aje aisugue kwa udongo wake, na tako lote jeusi kwa masizi lilikuwa limetugeukia. Mimi kumwona yule mama mzima na mwiko wake, nikakaa chini nikalia, mbele ya wakwe, suti ya kuazima imejaa vumbi.

Mjomba akairudisha pete kwenye nne, akanichungulisha tena, bunduki tupu. Nikaona karatasi, sufuria pembeni yake, kichuguu kizima na mihogo. "Kwa karibu hivi, nne inatosha," akasema. "Kumi na mbili ni ya mbali, tena kwa asiyetetemeka." Halafu akawageukia wazee: "Shabaha hana. Ila ameulizia mtu kabla ya kuuliza kama amepata. Neema aolewe."

Siku ya harusi Mama Tumaini alikuja akicheza, zawadi kichwani imefungwa kanga, akaifungua mbele ya ukumbi mzima: sufuria ileile, tundu katikati kabisa ya tako (na hilo la katikati hakuna aliyenisifia). Akachungulia kwenye tundu, akashika kipaza sauti: "Bwana harusi namwona vizuri, wala sijazungusha kitu."

Tangu hapo nikiambiwa nne, ni nne. Hata picha ya simu siikuzi kabla sijamuuliza Neema nani yuko pembeni.