Mnara wa Kushoto

Kwa miaka thelathini hakuna mtu wa kijiji cha Kilema aliyemwona Leodegar akifumba jicho moja mbele ya mpaka. Fundi mwashi hufumba jicho ili apate mstari ulionyooka. Mlenga mipaka ya vihamba, mashamba ya ukoo, hana ruhusa hiyo. Watu wa pande mbili wamesimama wakimtazama usoni, na jicho moja likifumbwa tu, upande mmoja utasema amewakonyeza wenzao. Kwa hiyo alilenga kwa macho yote mawili, akainua mkono, na ukoo ukapanda masale, mimea ya mpaka, pale mkono ulipoelekeza. Isale lililopandwa mbele ya ukoo haling'olewi. Anayeling'oa anaiitia nyumba yake msiba.

Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha kliniki ya macho mjini Moshi, pengo likiwa bado bichi mdomoni. Jumapili iliyotangulia alikosea ngazi ya kanisa, akaangukia meno.

"Shikamoo, babu," alisema mpimaji, dada aliyeitwa Magreth.

"Marahaba. Jino limeng'oka, nyumbani wananileta kwa watu wa macho."

"Jino halikukosea ngazi." Akamshikia kalamu karibu na pua. "Kalamu ngapi?"

"Moja."

Akawasha taa ndogo ukutani, mwisho wa chumba. "Na taa?"

Leodegar aliikazia taa macho. "Moja."

Magreth hakubishana. Alimvalisha miwani yenye kioo chekundu jicho la kulia na cha kijani la kushoto, akarudia swali.

"Nyekundu," alisema mzee. Kisha, kwa sauti ya chini, "na ya kijani. Ya kijani iko kushoto."

"Taa ni moja, babu."

Alimvua miwani, akaliziba jicho la kushoto kwa kijiko cheusi cha plastiki. "Ipi imepotea?"

"Ya kushoto."

"Hiyo ndiyo ya uongo. Jicho lako la kushoto limevutwa ndani, kuelekea puani. Mshipa unaolirudisha nje umechoka, nadhani ni sukari. Vitu vya karibu unaviona sawa, vya mbali vinakuwa viwili. Yalianza lini?"

Leodegar alijua lini. Mwaka jana, wiki mbili kabla ya kumlengea Kornelia mpaka wa kihamba chake.

Kornelia alikuwa mjane. Shemeji yake Ildefonce alidai masale ya zamani yamekufa na mpaka umepotea, ukoo ukamwita Leodegar. Mpaka wenyewe ulijulikana: kutoka jiwe la babu yao, kupanda moja kwa moja kuelekea mnara wa kanisa ng'ambo ya korongo. Leodegar alisimama kwenye jiwe, akaona minara miwili. Angesema, wangemtafuta mlenga mwingine. Angechelewa, wangedhani anapima nani kampa nini. Akachagua wa kushoto.

"Baba, mbona mstari umeingia kwangu?" Kornelia aliuliza siku ile, mbele ya watu wote.

"Macho haya hayajawahi kumdhulumu mtu," alimjibu. "Nyamaza, mwanangu."

Akanyamaza. Masale yakapandwa. Kaburi la mumewe likaangukia upande wa Ildefonce.

Alipotoka Moshi, Leodegar hakupita nyumbani. Alikwenda kwenye lile jiwe, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja. Mnara ulibaki mmoja. Masale, yaliyokwisha kushika na kunawiri, yaliuacha yakapinda kushoto, na kule juu kosa lilifika hatua saba.

Ildefonce alimsikiliza hadi mwisho, panga mkononi, akipogoa migomba.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa unaona minara miwili?"

"Miwili."

"Na ukatulengea kama anayeona mmoja." Alicheka bila furaha. "Mzee, isale halijui hospitali. Lipo. Mwambie anayetaka aling'oe."

"Nitaling'oa mimi. Mkono ulioelekeza ni wangu."

Kornelia alikuwa bandani, anakata majani ya ng'ombe. Leodegar alimweleza akiwa amesimama, kofia mkononi, bila kujitetea. Mwanamke aliendelea kukata hadi fungu likaisha.

"Uking'oa, baba, mwezi huu au ujao kutakufa mtu," alisema. "Mtoto wa Ildefonce, au wewe mwenyewe kwa hiyo sukari. Watauliza nani alinufaika."

"Nitawaambia ni macho yangu."

"Watauliza nani aliyaroga macho yako. Mjane aliyeshindwa kesi." Akafuta panga kwenye majani. "Siku ile nilikuhitaji. Leo niache. Jumamosi nikitaka kufagia kaburi, naomba ruhusa kwa Ildefonce, ananipa. Nimeshazoea kuomba."

Leodegar alisema atauita ukoo. Kornelia akapiga magoti, akamshika miguu, akamsihi asiuite. Alisihi hadi mzee akakubali.