Mistari Nyuma ya Mlango

Mwaka ule nyumba yetu ya Mishomoroni iliacha kunukia. Mama, ambaye siku haikumpita bila asumini kichwani na udi chumbani, aliviweka vyote kabatini baba alipozikwa, akavaa nguo nyeupe, akaingia eda. Kwa miezi minne na siku kumi hakutakiwa kujipamba wala kutoka, na sisi watoto watatu tukawa kama tumefungwa naye. Sauti tulizishusha, redio ikafunikwa kitambaa, na harufu iliyobaki ilikuwa ya sabuni ya kipande na ya kuta. Nilikuwa na miaka kumi, na kusema kweli roho ilinisonga mle ndani.

Kilichotuliwaza ni safari. Baba alikuwa ametuahidi kutupeleka sote kwenye bustani ya wanyama, kwenye barabara ya Malindi, palipokuwa na mamba, na samaki wa rangi nyuma ya vioo. Alikufa kabla, Mama akaurithi mpango. Kila alasiri, tukiwa mkekani, aliuanza upya: angeamka alfajiri apike mahamri na viazi karai, mimi ningemshika mdogo wangu mkono asiwakaribie mamba, na yeye angevaa buibui jipya. Tulibishana hata nani angekaa dirishani. Ami, ndugu yake baba aliyefanya kazi Changamwe karibu na uwanja wa ndege, aliahidiwa gari na tajiri wake kwa Jumapili moja tu, ile ya mwisho wa likizo. Nikapiga hesabu. Eda ingekwisha Jumatano, siku tatu baada ya safari.

Na hesabu yenyewe ilikuwa mikononi mwangu. Bibi, mamake baba, ndiye aliyeisimamia eda, lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hivyo alinipa chaki: kila baada ya Magharibi nichore mstari nyuma ya mlango wa chumba cha Mama, kisha nimtajie idadi. Haraka haraka haina baraka, aliniambia kila aliponiona nikikimbia, na mimi haraka ndiyo niliyokuwa nayo. Katika wiki mbili za mwisho niliongeza mistari minne, mmoja mmoja. Hakuna aliyesema kitu. Jumamosi Bibi akatangaza kwamba eda imekwisha, akaagiza Mama atiliwe maji ya kuoga na udi utolewe kabatini. Harufu ya makaa ya chetezo cha kufukizia udi ikanifikia. Chuoni, tulikosomea Kurani, tulifundishwa kwamba eda ni amri ya Mungu, na mimi nilikuwa nimemwibia Mungu siku nne na kumtia mamangu dhambini. Nikaangua kilio mbele ya Bibi, nikasema yote.

Bibi hakunipiga. Aliyamwagia maji makaa. Mama alikuwa amekwisha kusimama, leso ya kuogea begani. Alitutazama, kisha akaketi tena kitandani.

"Endeni na ami yenu," alisema. "Mukirudi munihadithie."

Tulikwenda. Viazi karai alivipika Bibi na havikuwa na chumvi. Nyuma ya kioo kimoja kulikuwa na kasa mkubwa, akiogelea mpaka pembeni, akigonga kichwa, akigeuka, akirudi kugonga upande wa pili. Wadogo zangu walicheka. Mimi nilimwambia Ami nataka kurudi nyumbani. Jioni nilimhadithia Mama kila kitu isipokuwa yule kasa.

Gari halikupatikana tena. Siku hizi watu hupanga matembezi kwa simu asubuhi, na adhuhuri wameshafika. Mimi nina gari langu, na kutoka Mishomoroni hadi kule si mwendo wa kutisha. Mama ndiye aliyezeeka, jua halipatani naye. Mwaka jana nilimbembeleza mpaka akakubali. Njiani nikamwomba tena radhi kwa ile mistari minne, kama nilivyomwomba mara nyingi. Alicheka kidogo. Tulipofika langoni akanigeukia.

"Mwanangu, mlango ule nalikuwa nikiutazama kutwa," alisema. "Mistari yako naliiona tangu wa kwanza. Nalikuwa nikimuomba Mungu usiseme."