Ubeti Uliofunga Mlango wa Luhende

Siku Bibi Nkwimba alipoikataa shikamoo yangu naikumbuka, mwanangu, kuliko siku niliyooa, na nakuomba usimsomee mama yako mstari huu. Bibi Nkwimba alikuwa mkunga wa kijiji chetu, huku upande wa Bugarama. Nusu ya kijiji ilizaliwa mikononi mwake, na mimi nikiwemo. Ukimwamkia, hata akiwa na mzigo wa kuni kichwani, alisimama akaitikia. Siku ile alinitazama tu.

Ili unielewe, nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa kijana, tena manju, yaani mtunzi na mwongozaji wa nyimbo za ngoma. Nikifungua sauti kijijini, samaki wa Chato waligeuza vichwa kusikiliza. Nilikuwa pia nimemaliza kisomo cha jioni, kwa hiyo nilitembea na kalamu mfukoni hata nikienda kuchunga. Bonde lilitugawa: sisi kwenye kilima hiki, wenzetu ng'ambo, na katikati lambo ambalo watu na ng'ombe tulilitegemea pamoja. Manju wa ng'ambo aliitwa Luhende. Kila baada ya mavuno tulishindana, ngoma mbili kwa wakati mmoja, na watazamaji wakihamia kwa anayewapendeza. Utamu wenyewe ulikuwa kumchamba mwenzako kwa wimbo mpaka akose pa kuweka uso.

Mwaka huo pamba ilikuwa imeshavunwa na vumbi la ngoma lilikuwa linatuwasha miguuni, kikaja kipindupindu. Mtu aliugua asubuhi, jioni tukamzika. Mikusanyiko ikapigwa marufuku. Bwana Afya akaja na baiskeli, akageuza darasa la shule, iliyokuwa kwenye kilima chetu, kuwa wodi. Akaeleza: maji yachemshwe, mikono ioshwe, vyoo vichimbwe, na mgonjwa aletwe mapema, maana anayewahiwa na maji ya chumvi na sukari huwa na nafasi ya kupona. Alieleza vizuri, ila kwa Kiswahili cha ofisini, na wazee wetu wengi Kiswahili walikisikia kwa mbali kama ngurumo za Shinyanga mjini.

Akanifuata nyumbani.

"Manju, naambiwa wimbo wako ukitoka asubuhi, saa sita uko kila shamba."

"Saa nne," nikamsahihisha.

"Basi nitungie huu wa maji."

Nikatunga kwa Kisukuma. Ubeti wa kwanza, chemsha maji. Wa tatu, mgonjwa apelekwe shule. Lakini wa pili, mwanangu, ulinitoka kwa mazoea ya mashindano. Sikuwa na uwanja wa kumchamba Luhende mwaka huo, nikamchambia humo humo:

Kipindupindu kimeoa ng'ambo,
mahari kimepeleka kwa Luhende.

Nilicheka peke yangu hadi mbuzi wakasimama kula. Wimbo ukaenda kwa wachota maji, ukaenda kwa wachungaji, na mimi nikajihesabu kuwa nimeokoa taifa.

Siku ya tatu ndipo Bibi Nkwimba akaja.

"Shikamoo, bibi."

Alinitazama tu. Akaketi kwenye kinu kilicholala uani.

"Wimbo wako una beti ngapi?"

"Tatu, bibi."

"Nimepita nyumba kwa nyumba tangu jua lichomoze. Wote wanauimba mmoja. Niambie ni upi."

Sikuhitaji kuambiwa kuwa ni ule wa pili. Hata pale tulipoketi nilimsikia mtu akiupigia mluzi bondeni.

"Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma chetu, "ng'ambo wameanza kuficha wagonjwa. Mke wa Luhende yuko chini tangu alfajiri. Luhende kafunga mlango. Nimemwambia tumpeleke shule, kasema bora mkewe afie kwake kuliko apitishwe mbele ya nyumba zenu mkimwimbia."

"Nitakwenda kumwomba radhi."

"Radhi zako atazisikilizia wapi? Mlango umefungwa. Wewe unajua kuimba, nenda ukaimbe."

Nikachukua ngoma ndogo nikavuka bonde. Sijawahi kukimbia vile. Nadhani kivuli changu nilikiacha kwenye lambo kikanifuata baadaye. Nikasimama mbele ya nyumba ya Luhende, mbali na mlango kama alivyotufundisha Bwana Afya, watu wakichungulia kwenye maboma yao. Nikapiga ngoma. Kisha nikafanya kitu ambacho manju hafanyi: nikajichamba mwenyewe.

Kipindupindu hakina ng'ambo,
mimi nimekunywa lambo hilo hilo.
Luhende, kosa si maji yenu,
mdomo wangu ndio hauna choo.

Nikaimba tena. Nilijua jambo moja kuhusu Luhende, kwa kuwa nilikuwa nalo mimi: manju hawezi kuacha ubeti ulale bila kujibiwa. Nikaimba mara ya tatu, sauti ikikwaruza, nikiogopa kwamba huko ndani hakuna tena wa kumwokoa. Ndipo sauti yake ikatoka, nzito:

Mdomo huo umwagiwe majivu,
ufunikwe, usilete nzi.

Mlango ukafunguka. Luhende alikuwa na macho mekundu.

"Bebe," akaniambia, yaani wewe, "shika upande wa miguu."

Tulimbeba kwa kitanda cha kamba. Bibi Nkwimba alikuwa ameshafika na chupa ya maji ya chumvi na sukari, akimnywesha kijiko kwa kijiko njia nzima. Tulipoanza kupanda kilima chetu watu walitoka milangoni. Nikaanza ubeti wa kwanza, wa kuchemsha maji, Luhende akaupokea, na wao wakaitikia kila mmoja akiwa kwake. Wa pili hakuna aliyeugusa. Tulipomfikisha, Bwana Afya alitunawisha mikono kwa dawa hadi viwiko, nusura atuchemshe na sisi.

Tangu siku hiyo, kila jioni wachota maji wakirudi, nilisimama kilima hiki na Luhende kile, nikiuliza kwa wimbo, naye na watu wake wakijibu kutoka ng'ambo: umechemsha? Nimechemsha. Nani anaumwa? Fulani, tumeshampeleka. Hakuna aliyeficha tena. Tulizika wengine, sitakudanganya katika hilo. Lakini hatukuacha jioni hata moja, hadi wodi ikarudi kuwa darasa.

Mavuno yaliyofuata tulishindana. Luhende akanichamba kwa ubeti wangu mwenyewe wa mdomo usio na choo, uwanja mzima ukahamia kwake, na aliyecheza mstari wa mbele alikuwa mkewe. Sijawahi kufurahia kushindwa kama siku ile.

Basi, mwanangu, sauti uliyonayo ni ya kazi. Maradhi yakiingia, tunga, chora, cheza, usiwaachie Mabwana Afya peke yao. Lakini kabla hujaupeleka wimbo kisimani, mkalishe mgonjwa moyoni mwako umwimbie yeye kwanza. Wimbo ukimfanya afunge mlango, ufute, hata kama ni mtamu. Na ukikosea, usitume mtu. Vuka bonde mwenyewe, urekebishe kwa sauti ile ile uliyoharibia.

Mungu akupe sauti isiyokauka, maji yako yawe safi, na siku ukimwamkia mkubwa aliyekupokea ulipozaliwa, akuitikie.