Fundi wa Vifaa Viwili

Mimi, mlinzi wa bweni hili, shule niliikimbia mapema, lakini kwa kumsoma mtu hakuna profesa anayenifikia. Fundi wa waifai tunakaa naye meza moja. Ukimpa simu, kwanza hufuta kioo kwa pindo la shati, kisha huuliza kwa sauti ya kubembeleza mtoto: "Umeizima ukaiwasha?" Wanafunzi huapa wameizima, yeye huizima tena. Naye humkumbusha kila mmoja sheria ya mtandao: kuandikisha vifaa viwili kwa mtu, basi.

Jana binti mmoja alikuja mbio na kompyuta, zimebaki dakika kumi afanye mtihani mtandaoni. Nafasi zake zilikuwa zimejaa: simu, na spika ya muziki.

"Ifute hiyo spika, kaka!"

"Nikiifuta leo, nafasi inafunguka kesho."

"Basi kauimbe huo mtihani," nikamtania. Machozi yakamlenga. Fundi akafuta kioo cha kompyuta, akaiandikisha kwa jina lake mwenyewe.

"Akiharibu humo, anayefukuzwa kazi ni wewe," nikamwonya.

"Najua, mjomba. Haya, mpishe kiti."

Nikasimama.