Mlaza Makochi

Mkata vitambaa wa karakana yetu ya makochi huanza kwa kulilaza kochi kwenye kompyuta. Programu hulikunjua umbo lake la mviringo likawa vipande bapa vya kukatia, na pale kitambaa kitakapovutika mno huonyesha wekundu. Hapo yeye huliambia kochi kwa sauti ya chini: "Lala, mrembo. Legeza mkono kidogo." Jana alipomaliza kuongea na mkewe, simu ilibaki hewani bila yeye kujua, na mkewe akayasikia maneno hayo. Mke alifika karakana akihema, hata salamu hakutoa. "Yuko wapi huyo mrembo? Leo narudi kwetu!" Mimi mshonaji nikajifanya natafuta uzi. Mume akaonyesha kochi kwenye skrini, akaapa kuwa mrembo ndilo hilo, akaulaza mkono wa kochi polepole mpaka wekundu ukaisha. Mkewe akainamia skrini. "Kumbe kubembeleza unajua, baba watoto."